Kiti cha Mtani

Kaka yangu amepooza miguu tangu utotoni, na sehemu kubwa ya maisha yake ametembea kwa mikono. Ninazungumzia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ambayo pedeli zake ziko kifuani na mwenyewe huzizungusha kama anayevuta maji kisimani. Kwa baiskeli hiyo alitoka nyumbani kwetu mtaa wa Ng'ambo kila asubuhi mpaka kwenye baraza ya duka moja la vitambaa karibu na soko, anakoshona viatu na kubadilisha zipu za mabegi. Pale barazani ndipo anapopata riziki, ndipo anaposikia nani kaoa na nani kaachika, na ndipo watu wanapomsalimia kwa kumwinamia kichwa kama wanavyomwinamia fundi yeyote aliyeko kazini.

Halafu fremu ikapasuka. Fundi wa kuchomelea aliigeuza, akaipigapiga kwa nyundo ndogo, akasema, "Mzee, hapa nitakuwa nachomelea kutu juu ya kutu." Kaka alimwomba ajaribu. Akajaribu. Baiskeli ilifika kona ya pili ikakaa chini, na kaka akarudishwa nyumbani huku harufu ya kuchomelea bado iko kwenye vyuma.

Ushauri ulikuwa mwingi. Wifi yangu, yaani mke wa kaka, alitafuta dereva wa bodaboda mwenye nguvu awe anampeleka na kumrudisha. Walifanya hivyo siku moja. Dereva alimpakia, akamshusha, akambeba mgongoni kuvuka mtaro mbele ya duka, na mwanamke mmoja aliyekuwa anapima kanga akasema kwa huruma kabisa, "Pole, mzee wangu." Jioni kaka aliporudi alimlipa dereva, akamshukuru, kisha akatuambia hataki tena.

"Mimi sibebwi," alisema. "Babu zangu Wanyamwezi wa Kwihara walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Hakuna hata mmoja aliyebebwa."

Baiskeli mpya za aina ile hazikai dukani kwetu. Hutolewa kwa msaada, na msaada una foleni yake. Kaka aliandikishwa, akaambiwa asubiri simu. Alisubiri ukumbini, juu ya mkeka, redio pembeni. Mwanzoni watu walimletea viatu nyumbani, kimoja kimoja, kisha wakaacha. Mwenye duka la vitambaa alituma salamu kwamba nafasi ya barazani bado ipo, lakini kuna fundi mwingine anaiulizia, Ramadhani imekaribia, watu watataka viatu vya Idi, na yeye hajui amjibu nini yule fundi. Kaka alisikiliza salamu ile, akaongeza sauti ya redio.

Ni wifi aliyekuja na habari za mnada wa simuni. Alikuwa ameingia kwenye kundi moja ambamo watu wanauza vitu vilivyotumika: pasi, magodoro, majiko ya gesi, vitanda vya watoto waliokwisha kukua. Muuzaji anaweka picha na bei ya kuanzia, wanaotaka wanaongeza, mpaka msimamizi aandike neno "nyundo". Mshindi anamtumia msimamizi pesa, naye anaishika mpaka mshindi aandike mbele ya wote, "umefika salama". Hapo ndipo muuzaji analipwa. Msimamizi huyo hakuna aliyemfahamu. Picha yake ilikuwa ua la waridi. Niliuliza kwa watu kadhaa wa mtaani waliokuwa kundini: ni mwanamke au mwanamume, yuko mji gani, nani alimweka? Kila mmoja alinijibu kwamba aliungwa na mwingine. Wifi mwenyewe alikuwa amenunua pasi kwa njia hiyo na pasi ilifika. Jirani yetu alinunua blenda, ikafika haina kisu.

"Kwa hiyo ni nusu kwa nusu," nilimwambia.

"Wifi, hata dukani ni nusu kwa nusu," akanijibu. "Tofauti ni kwamba dukani unamwona anayekuibia."

Siku picha ya baiskeli ilipotokea, wifi aliingia ukumbini mbio, mkono mmoja una unga. Ilikuwa baiskeli ya kijani ya magurudumu matatu, imeegemezwa kwenye ukuta wa udongo, ina kengele kubwa na kiti kilichofunikwa kitambaa cha maua. Chini yake muuzaji, mama mmoja, aliandika kwamba yuko kijiji kimoja upande wa Manyoni, chombo ni kizima, na kwamba anayetaka aseme kwanza anakitakia nini.

Msimamizi akaandika kwamba hilo la mwisho si la kanuni. Mwenye bei kubwa ndiye mshindi, basi.

Muuzaji akajibu: "Kanuni zako nazijua, mwanangu. Ila hiki ni cha kukalia, si cha kuyeyusha."

Tulielewa baadaye. Kulikuwa na mtu kundini anayenunua vyuma chakavu, na yeye ndiye aliyeanza kuongeza. Kaka akaongeza. Yule akaongeza tena. Wifi alikuwa akiandika kwa niaba ya kaka, vidole vinateleza kwa unga, na kila akipandisha bei alimtazama mumewe, naye alitikisa kichwa kuonyesha endelea. Ilifika mahali hakutikisa.

Akaniomba nimshikie simu, akatuma ujumbe wa sauti. Alianza kwa "mwangaluka", kama alivyozoea kusalimia watu wa rika lake, kisha akasema: "Mama muuzaji, mimi sina miguu inayofanya kazi. Nashona viatu vya wenye nayo. Baiskeli yangu imekufa. Nimefika mwisho wa uwezo wangu, lakini nilitaka ujue niliitakia nini."

Kisha sauti ya yule mama ikaja, nzito kidogo, yenye lafudhi ya Kigogo, na nyuma yake mbuzi wanalia.

"Eti mwangaluka! Kumbe Mnyamwezi! Ndiyo maana miguu imegoma. Mmebeba pembe za ndovu za watu kutoka huko kwenu mpaka baharini, miguu ya ukoo mzima ikachoka, uchovu ukakuangukia wewe."

Nilimtazama kaka. Wifi alikwishaweka mkono kinywani. Kundini watu walianza kuandika kwa hasira: mama huna adabu, mlemavu anatukanwa hivi, msimamizi mtoe. Kaka yeye alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajilaza kwenye mkeka, akicheka kwa tumbo, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu fremu ipasuke. Alipopata pumzi akaomba simu tena.

"Na wewe Mgogo wa wapi anayeuza kitu?" akasema. "Kwenu si huwa mnaomba? Au umeomba mpaka ukapewa baiskeli, sasa unatafuta wa kumwomba pampu?"

"Mla michembe wewe! Viazi vikavu ndiyo chakula!"

"Umeshiba mlenda, ndiyo maana ulimi unateleza."

Ua la waridi likaingia kati: "Lugha! Kundi hili halina matusi."

"Msimamizi, tulia," kaka akasema. "Huyu ni mtani wangu."

Nilikuwa nimeyasikia tangu utoto maelezo ya wazee kuhusu Wanyamwezi na Wagogo. Misafara ya zamani ilitoka huku kwetu ikapita Ugogo, na Wagogo hawakumruhusu mtu kupita au kunywa maji yao bila kutoa hongo, ushuru wao wa njia. Wakagombana weee, wakachoka, wakawa watani. Tangu hapo Mgogo anaweza kunichukulia kitu changu mbele ya watu nami sina ruhusa ya kukasirika, sharti nikikomboe. Lakini mambo hayo nilikuwa nimeyaona misibani na harusini, ana kwa ana. Sikuwahi kufikiri yanaweza kupita kwenye simu, kati ya watu ambao hawajawahi kuonana.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akaandika: "Mimi nimetoka. Mpeni mwenye nacho haja." Hakuna aliyemwomba. Sijui jina lake wala sura yake, na tangu siku ile sijaweza kumwona mtu anasukuma mkokoteni wa vyuma bila kujiuliza kama ndiye.

"Nyundo," akaandika msimamizi.

Na yule mama akamalizia kwa sauti: "Lakini ujue, Mnyamwezi, kupita kwetu si bure. Babu zako walitoa hongo, na wewe utatoa."

Katika siku zilizofuata, wakati tunasubiri mzigo, walitumiana jumbe nyingi za sauti. Wifi alijifanya kununa. "Mke mwenzangu huyu wa Manyoni," aliniambia, "anaongea na mume wangu kuliko mimi." Lakini alikaa karibu asikie. Ndivyo tulivyojua kwamba baiskeli ilikuwa ya marehemu mume wake. Alikuwa mfuga nyuki na mpiga soga, miguu iliondolewa nguvu na ugonjwa ukubwani, na alikuwa na tabia ya kupiga kengele kila akifika uani, hata kama mlango uko wazi na watu wote wamekaa nje wanamtazama.

"Nikimwambia, baba, mlango huo hapo, anasema kengele si ya mlango, ni ya kukuambia wewe," alisimulia. Kisha akasema jambo ambalo kaka alilisikiliza mara mbili. Kijijini kwao, siku ya maziko, hakukuwa na mtani hata mmoja. Hakuna aliyemwiga marehemu, hakuna aliyelala kaburini akadai alipwe ndipo atoke, kama ilivyo kazi ya watani. "Tulimzika kimya, kama watu walio kwenye mtihani."

Mzigo ulikuja kwa basi. Wifi na mimi tulikwenda stendi na mkokoteni wa kukodi. Ofisi ya mizigo ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, na mlangoni amekaa mtunza mizigo, mwanamume mnene mwenye kofia ya mkono iliyodariziwa vizuri, juu ya kiroba kilichowekwa kwenye kreti la soda. Tulisalimiana, tukaulizana hali, tukataja jina la kaka. Akatuonyesha kwa kidole. Baiskeli ya kijani ilikuwa imeegemea ukutani, kipande cha boksi chenye jina la kaka kimefungwa kwenye usukani. Kengele ipo, mnyororo upo, egemeo la mgongo lipo. Kiti hakipo. Palipokuwa na kiti palibaki vyuma viwili na matundu manne ya bolti.

"Hakuna kingine?" niliuliza.

"Chenye jina lenu ni hicho tu," akajibu mtunza mizigo.

Njiani wifi alikuwa anajiandaa kubishana. Tulipoingiza baiskeli uani, kaka alitambaa mpaka kizingitini, akaitazama toka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Akaona vyuma viwili. Nilitazama uso wake kwa makini, maana nilitaka kujua ni wakati gani matumaini yatamtoka. Badala yake alipiga paja kwa kiganja.

"Hongo!" akasema. "Mgogo ameshika kiti! Alisema, hakunificha. Alisema mbele ya kundi zima!"

"Mume wangu," wifi akasema taratibu, "mbele ya kundi zima walisema pia ile blenda ina kisu."

"Tapeli angechukua vyote. Huyu amechukua cha kukomboa."

"Basi usiandike kwamba umefika. Pesa ibaki kwa msimamizi mpaka kiti kije. Si ndiyo kanuni?"

Ilikuwa kanuni, na mimi nilikuwa upande wa wifi. Kaka alinyoosha mkono apewe simu. Tulibishana mpaka adhana ikakatiza. Hoja yake ilikuwa moja, akairudia kama anayegonga msumari kwenye soli: mtani akikushikia kitu ukaenda kumshitaki, umeuvunja utani, na ukiuvunja umebaki na mtu baki tu aliyekaa na kiti chako. "Hapo ndipo nitakuwa nimeibiwa," alisema. Akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja: "Umefika salama." Halafu akamtumia yule mama matusi ya utani ya kusindikizia.

Pesa ikatoka kwa msimamizi. Na simu ya yule mama, kuanzia hapo, haikupatikana.

Hizo ndizo siku ngumu. Ramadhani iliingia. Mwenye duka alituma salamu nyingine, fupi kuliko ya kwanza: yule fundi anataka kuanza, angemjibu nini? Kaka alimjibu kwamba anakuja. Wifi alisema tuchongeshe ubao. Kaka akakataa, kwa sababu mbili. Ya kwanza tuliielewa: aliwahi kukalia ubao mtupu, na kwa kuwa hasikii maumivu kule chini, ngozi ilichunika bila yeye kujua, akalala kifudifudi muda mrefu. Ya pili ilitutoa jasho: kununua kitu kingine badala ya kile alichoshika mtani ni kumtukana, na hili si tusi la utani.

"Huyo mtani wako amezima simu!" wifi akasema.

"Anataka nimbembeleze."

"Anataka nini? Anakula pesa yako huko na mlenda wake!"

Mimi nilirudi stendi. Niliuliza dereva wa basi lile, niliuliza wapiga debe, nikamuuliza tena mtunza mizigo, naye bila kuinuka alipokaa akanijibu kwa upole kwamba chenye jina letu tulishachukua. Nilimtafuta mtu ninayemfahamu Manyoni aniulizie kijijini. Akasema kijiji hicho kina watu wengi, nitaje jina. Ndipo nilipogundua kwamba jina lake tulikuwa hatulijui. Kaka alimwita Mgogo, naye alimwita Mnyamwezi, wakatosheka.

Kisha kaka akaamua kukomboa. Hongo gani inamfaa mjane wa mfuga nyuki? Asali. Na asali nzuri nyumbani ilikuwa moja tu, dumu alilotumiwa wifi na baba yake kutoka Kaliua, ambako wazee wake wana mizinga porini. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya futari. Sikuwepo kaka alipoiomba. Nilipofika nilimkuta wifi anafunga kifuniko kwa mfuko wa nailoni na mpira, anavuta kwa nguvu mno.

"Nimempa," akaniambia bila kuniangalia. "Si kwamba ninamwamini huyo mwanamke. Lakini akikaa kwenye huo mkeka hata Idi, mimi nitapata wazimu."

Dumu liliandikwa jina pekee tulilokuwa nalo, "Mama wa baiskeli ya kijani", pamoja na jina la kijiji. Nikalipeleka stendi. Mtunza mizigo alilinusa kifuniko, akasema "Kaliua hii," akalipokea kwa mikono miwili. Nilimuuliza kama litafika kwa anwani ya namna hiyo. Alinitazama kama nimemkosea.

Jibu lilikuja siku ya mnada wa ng'ombe wa kule kwao, mnada wa kweli, wenye vumbi. Yule mama hukaa mbali na mtandao, na simu yake huiwasha na kuichaji akienda mnadani tu. Hilo tulikuwa hatujui, kwa sababu siku za kuuza baiskeli alikuwa akilala kwa binti yake mjini. Kaka alituita wote tusikilize.

"Mnyamwezi! Asali nimeipokea. Nilikuwa natania tu, nawe kweli umelipa hongo! Nimeilamba, nikamkumbuka mzee. Haya niambie, kiti kinakutosha? Marehemu hakuwa na makalio ya kushiba michembe."

Kaka alibaki ameishika simu hewani. Wifi ndiye aliyeichukua.

"Shikamoo mama," akasema. "Mimi ndiye mke wake. Kiti hatujakiona. Kiti si unacho wewe?"

Majibizano yaliyofuata yalikuwa ya haraka, ya kukatizana, bila tusi hata moja. Baiskeli ilikataa kuingia kwenye buti ya basi, akasema yule mama. Utingo akafungua kiti kwa spana. Yeye mwenyewe akakitia kwenye kiroba cha mbolea pamoja na mto mdogo wa marehemu, akakishona mdomo kwa uzi mwekundu, akakikabidhi. Jina liliandikwa kwenye usukani. Kiroba alidhani kitafuatana na baiskeli, kama mtoto na mama yake. "Mlidhani nimekishika mimi? Tangu siku ile?" Kisha, polepole: "Na mkaniletea asali?"

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Kiroba cha mbolea. Nilikuwa nimezungumza nacho ana kwa ana kila nilipokwenda stendi.

Mtunza mizigo alikuwa pale pale mlangoni, amekaa, kofia imenyooka.

"Shikamoo," nikasema. "Samahani, hicho ulichokalia ni cha nani?"

"Marahaba. Hiki?" Akajitazama chini. "Hiki hakina jina."

"Kilikuja lini?"

"Na baiskeli yenu, basi moja. Lakini hakina jina, mwanangu, na mimi kisicho na jina simpi mtu. Hapa kila siku anakuja mtu anasema kile changu, kile changu. Kule nyuma nako vitu vinatembea. Nikaona dawa yake nikikalie." Alinikazia macho. "Kama ni chenu, kimeshonwa uzi gani?"

"Mwekundu."

Akainuka kwa kujisukuma na magoti, akageuza mdomo wa kiroba. Uzi ulikuwa mwekundu, mishono mirefu ya mtu aliyekuwa na haraka. Alikipangusa vumbi kwa kiganja kabla ya kunipa, akaomba radhi kwa kukikalia, na mimi nikaomba radhi kwa kukihamisha, maana sasa alikuwa hana pa kukaa. Wifi alimpelekea kigoda siku iliyofuata.

Kaka alifunga bolti nne mwenyewe. Hakutaka msaada. Mto wa marehemu, mdogo, umefumwa kwa nyuzi za rangi zilizofifia, aliuweka juu ya kiti, akaukandakanda, akapanda. Asubuhi hiyo nilimfuata nyuma mpaka sokoni, nikijifanya nina safari zangu. Kwenye mchanga, pale barabara inapopinda, magurudumu yalizama na mikono yangu ikaenda mbele yenyewe.

"Mdogo wangu," akasema bila kugeuka, "ukigusa hiyo baiskeli nitakutukana kama Mgogo."

Nikarudisha mikono. Alizungusha, akapumzika, akazungusha, akatoka. Barazani fundi mwingine alikuwa amekwisha kutandika gunia lake. Alimwona kaka anavuka mtaro kwenye kipande cha zege, akalikunja gunia, akalisogeza mpaka upande wa pili wa mlango. Walisalimiana. Mwenye duka alitoka na kitambaa mkononi, akauliza tu kama ile zipu ya begi la mke wake itakuwa tayari kabla ya Idi.

Jioni, kabla ya futari, kaka aliingia uani kwetu, akasimamisha baiskeli mbele ya mlango uliokuwa wazi. Akaniambia nirekodi. Kisha akapiga kengele mara nyingi, akasema kwa sauti ya mzee mwenye kiburi, akimwiga mtu ambaye hajapata kumwona: "Wewe Mgogo mke! Nimerudi! Nilikwenda Unyamwezi kutafuta asali, nikachelewa. Mbona mlinizika kimya hivyo, mlikuwa mnaogopa nitaamka nidai mlenda? Nifungulieni, ama nalala hapa hapa mpaka nilipwe!" Wifi alikuwa amesimama jikoni na mwiko. Hakucheka. Alifuta macho kwa mkono wenye unga.

Tulijua jibu halitakuja mpaka siku ya mnada. Lilipokuja lilianza na mbuzi, ng'ombe, watu wanaopatana bei kwa mbali. Halafu akapenga kamasi.

"Mpagazi wewe. Unapigaje kengele kama ng'ombe waliopotea? Mzee wangu alikuwa anapiga mara moja tu."

Kaka aliusikiliza ujumbe huo akiwa barazani, kiatu cha mtu kiko mapajani. Jioni ile nilikuwa uani naosha vyombo wakati alipofika. Mlango ulikuwa wazi, na sote tulikuwa tumekaa nje. Akatutazama, akapiga kengele mara moja.